Chapati Zilizonukia Maua

Hii stori niliapa sitaisema popote, lakini juzi jirani ameniuliza mbona vitambaa vyake vya jikoni vinateleza tu juu ya sahani kama nailoni na vyangu vinakausha mara moja, na hilo swali siwezi jibu bila kuanzia kwa zile chapati.

Ilikuwa Desemba, mama mkwe ametoka upande wa Homa Bay kutuona hapa Mamboleo. Mimi nikaona ni siku yangu. Nikapika chapati kama thelathini hivi, laini kabisa, nikazifunga na kitambaa kipya nikaweka kwa hotipoti. Hicho kitambaa nilikitoa soko la Kibuye, hapa Kisumu, kwa mtumba, bando ya vitambaa vinane vya pamba, vyeupe, vya mraba, vyepesi, karibu upana wa mkono mzima, muuzaji mwenyewe hakujua ni vya nini, ananiambia ati ni vya kufunika mtoto. Nikavifua mara moja tu, na kwa sababu nilitaka vinukie vizuri, nikamwaga ile dawa ya kulainisha nguo, vifuniko viwili. Viwili!

Sasa chapati ya moto hutoa mvuke, na mvuke ukiingia kwa kitambaa unatoa kila kitu kiko ndani. Mama akamega, akatafuna pole pole, akaweka chini. "Nyathina, mtoto wangu, huu unga una marashi?" Mzee wangu akaanza kukohoa. Watoto wao walikula tu, watoto hawana shida.

Baada ya chakula alinifuata jikoni, hakunigombeza, alichukua kitambaa akakitandaza kwa meza na akadondosha maji kwa kidole. Tone likakaa hapo juu, limeviringika, kama maji kwa jani la nduma. Akaniambia, "Unaona? Hii haijui kunywa." Huyu ni mtu amelima pamba miaka mingi, enzi zile pamba ya huku Nyanza ilikuwa inaenda jineri kuchambuliwa mbegu na hapa Kisumu kulikuwa na kiwanda cha vitambaa cha KICOMI, so akisema kitu kuhusu pamba mimi nanyamaza.

Shida zilikuwa mbili na zote nilikuwa nazifanya kwa mpigo. Ya kwanza, kitambaa kipya cha pamba huja na wanga. Nyuzi hupakwa wanga kiwandani ndio zisikatike zikifumwa, na hata mtumba mwingine ni kitu haijawahi kutumika, imetoka dukani huko ng'ambo moja kwa moja. Mpaka huo wanga utoke, maji hayaingii vizuri. Ya pili, hiyo dawa ya kulainisha huacha mafuta fulani juu ya nyuzi, ndio maana nguo inahisi laini, lakini kwa taulo ni kama umeipaka Kimbo. Mimi nilikuwa nimefunika wanga na mafuta halafu nashangaa mbona vyombo havikauki.

Dawa yake ni kuchemsha. Sufuria kubwa ile ya zamani, maji, sabuni ya kipande imekunwa, na magadi kidogo, ile ile tunawekea mrenda na kunde. Nikachemsha kama nusu saa nikigeuza na mwiko wa zamani, na maji yakatoka ya kijivu na utelezi, wueh, nilishtuka. Suuza, rudia. Mara ya tatu tone la maji likapotea ndani ya kitambaa kabla hata sijainua kidole. Jambo lingine, vilirudi vidogo, pamba husinyaa ikichemshwa, so kama unanunua kitambaa cha mita kwa duka ushonewe, chemsha kwanza, fundi akunje pindo baadaye, la sivyo pindo litajikunja kama sikio la mbuzi.

Na kitambaa chenyewe cha kuulizia dukani ni marekani. Hapa ndio nilifurahi nikisoma, kwa sababu hilo jina si la bure. Karne ya 19 meli za wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, huko Marekani, zilikuwa zinaleta Zanzibar kitambaa cha pamba kisichopaushwa, na watu wakakiita tu merikani, kwa jina la kwao, mpaka ile vita ya wenyewe kwa wenyewe ya 1861 hadi 1865 ikakata pamba yao na vitambaa vya Bombay na Manchester vikachukua nafasi. Jina likabaki. Huko kwao nako unga ulikuwa unauzwa kwa mapipa ya mbao, halafu cherehani zikaja, Elias Howe alipata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya cherehani yake 1846, mshono ukawa na nguvu ya kubeba unga, pipa likaachwa, watu wakanunua unga kwa gunia la pamba. Unga ukiisha, mama anafumua mshono, anaosha ile lebo itoke, ana kitambaa cha bure. Gunia la ratili 100 lilikuwa linatoa zaidi ya yadi moja. Miaka ya 1930 maisha yakiwa magumu walishona nazo nguo, nepi, shuka, mpaka wenye viwanda wakaanza kuchapa maua kwa magunia ndio mama achague unga wao. Halafu karatasi ikaingia. Sisi huku unga ni pakiti ya kilo mbili, ikiisha unawashia jiko.

Haya, matumizi. Kufuta sahani na glasi kila mtu anajua, na uzuri ni kitambaa hakiachi manyoya kwa glasi. Lakini mimi nikikwambia ukweli, kazi kubwa ya hivi vitambaa kwangu ni samaki. Ngege, yaani tilapia, akitoka kuoshwa ana maji, ukimweka kwa mafuta hivyo atarukia uso na ngozi itashika sufuria, umpindue abaki nusu. Nikimfuta na kitambaa kikavu nje na ndani ya tumbo, anageuka mzima. Kitambaa cha samaki kina uzi wa bluu kwa kona, kile cha kuku kina mwekundu, na hivyo viwili havigusi sahani, hilo sina mchezo nalo, hata mgeni akikishika namwambia weka chini.

Ingine ni mboga. Sukuma ama managu ikishaoshwa, ifunge kwa kitambaa uikung'ute nje ya mlango, kisha ifunge kwa kingine chenye unyevu kidogo tu, weka kwa friji. Inakaa siku kadhaa bila kuoza vile hufanya ndani ya karatasi ya plastiki. Juisi ya pasheni na ukwaju nakamua ndani yake. Mala nayo, yale maziwa ya kuganda, ukiiweka kwa kitambaa ukaitundika kwa bomba la sinki usiku, asubuhi una kitu kizito cha kupaka mkate, na maji yanayodondoka nakandia chapati. Donge la chapati nalo nalifunika na kitambaa nimekilowesha na kukikamua, lisifanye ngozi.

Kushikia sufuria, hapana. Ni chembamba, na kikiwa na maji ndio mbaya zaidi, moto unapita ukutane na kiganja, niliwahi kumwaga githeri yote hivyo. Pia kona yake ikining'inia karibu na gesi inashika haraka kuliko unavyodhani.

Kufua sasa hivi si kazi. Kila jioni naenda na kimoja kipya, cha jana kinaenda kwa beseni lakini kwanza kinakauka, kwa sababu kitambaa chenye maji kikilala kimekunjwa ndicho hutoa ile harufu ya mbwa. Na ukungu ukishaweka vile vidoti vyeusi, aki huvitoi vyote. Damu ya kuku ama ya samaki ni maji baridi kwanza, ukianza na moto inashika. Binzari ya manjano isikusumbue, fua na sabuni, anika juani, hili jua la Kisumu linakula ile rangi siku mbili tatu. Anika asubuhi lakini, msimu wa mvua saa kumi ikifika wingu linatoka upande wa Nandi na hutajua limetoka wapi.

Jik, ile dawa ya kupausha nguo, natumia, ila kidogo sana na mara moja moja, kwa sababu hula pamba, unashika kitambaa kinatoboka. Na usichanganye Jik na siki ama limau ati ndio viwe vyeupe zaidi, hiyo inatoa gesi ya klorini, inachoma kifua. Dawa ya kulainisha niligawa chupa yote.

Vya zamani ndivyo vinakunywa vizuri, kwa hivyo mtu akitaka kuniazima namwambia chukua kile kipya. Vikichanika vinaenda kwa viatu na baiskeli ya mzee.

Mama alirudi Agosti. Nikapika chapati, nikazifunga vile vile. Alikula nne, akanywa chai, hakusema neno lolote kuhusu kitambaa. Jioni baada ya kumpeleka steji nilihesabu vitambaa kwa kamba, vilikuwa vitano.