Mkono ambao haukukatwa
Jana nilifika Oberlin, Ohio, Marekani, kwenye jumba la makumbusho la chuo, nikasimama mbele ya picha ambayo mchoraji Mjerumani Ernst Ludwig Kirchner alijichora mwaka 1915. Amevaa sare ya jeshi la Ujerumani, sigara mdomoni, macho matupu kama hayana mboni. Kiganja cha kulia hakipo. Limebaki gutu bichi, lenye damu. Nilisogea mpaka nikaona mikwaruzo ya brashi.

Kumbe mkono wake ulikuwa mzima! Jeshi lilimvuruga akili, akaruhusiwa kuondoka, akachora hofu kubwa ya mchoraji yeyote: kushindwa kushika brashi tena. Mwaka 1937 Wanazi waliitundika picha hiyo Munich, kwenye maonyesho ya kuidhalilisha sanaa ya aina hii. Mwaka uliofuata akajiua. Usiku kucha nimeliona lile gutu.