Mwalimu bora nilimpeleka darasa la kwanza

Ukiteuliwa kuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi huku Bagamoyo, kila anayekupongeza anakuuliza ufaulu wa darasa la saba. Darasa la kwanza linafundishwa na nani, hilo halimsumbui mtu. Mimi nilikabidhiwa mafaili, muhuri, funguo za stoo na karatasi ya matokeo iliyobandikwa ukutani. Matokeo yenyewe hayakuwa mabaya. Ubovu ulikuwa chini.

Niliugundua siku niliyoshika kipindi cha darasa la tatu, mwalimu wake akiwa amekwenda kliniki. Niliandika ubaoni, "Baba anashona nyavu." Wakasoma kwa sauti moja, safi kabisa. Nikafuta, nikaandika, "Nyavu anashona baba." Nyuma wakaitikia tena, "Baba anashona nyavu!" Wachache wa madawati ya mbele wakaangua kicheko. Hao waliocheka ndio waliokuwa wanajua kusoma. Wengine wote walikuwa wanadaka sauti za wenzao, na wamedaka hivyo tangu darasa la kwanza.

Walimu wenzangu hawatashangaa. Darasa la nne lina upimaji wa kitaifa, la saba lina mtihani wa kumaliza, kwa hiyo walimu wenye nguvu wanapangwa huko. Darasa la kwanza anapewa aliyeripoti jana au anayehesabu miezi ya kustaafu. Na tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016, mwalimu huyohuyo anapokea watoto zaidi ya mia kwenye chumba kimoja, kipindi ni dakika 30. Hata ungekuwa fundi kiasi gani, hapo utaishia kuwaimbisha "ba be bi bo bu".

Tulikuwa na mwalimu mmoja wa Kiswahili darasa la saba, mama mtu mzima, akiingia darasani hata nzi wanatulia. Nikamwita ofisini nikamwambia namtaka darasa la kwanza. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Mkuu, nimekosa nini?"

Nilimwelewa. Kwetu kushushwa darasa ni adhabu. Nikamwambia vipindi vyake vya la saba nitavichukua mimi, zamu nimemwondolea, na kijana wetu mpya atakaa naye darasani wagawane watoto. Akaomba siku mbili za kufikiri. Aliporudi alikuwa na sharti moja: kugawana kufuate nani anajua herufi na nani hajui, si kukata rejista katikati.

Fedha haikuwa kikwazo kikubwa kama watu wanavyodhani. Ruzuku ya serikali ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na kati ya hizo 6,000 ndizo zinazofika shuleni, 4,000 zinabaki juu kwa ajili ya vitabu. Ni kidogo, sikatai. Lakini manila, kalamu za wino mzito na mkasi havimalizi ruzuku. Kadi za silabi walikata wenyewe wawili hao, jioni, barazani kwa yule mama.

Jambo lililobadilisha hali hasa lilitoka madrasa. Watoto wetu wengi mchana wanakwenda chuoni, na nilikwenda kwa ustadhi kuzungumzia mahudhurio tu. Nikiwa nasubiri nikamwona anavyofanya: kila mtoto anakuja mbele peke yake, anamsomea, akikwama anarudi kuketi na somo lilelile la jana. Hapiti mtu kwa mgongo wa mwenzake. Nikamsimulia yule mama, akacheka, "Mwalimu, na sisi si ndivyo tulivyosoma?" Kuanzia wiki iliyofuata hakuna mtoto wa darasa la kwanza aliyetoka mapumziko bila kumsomea yeye au yule kijana kadi mbili tatu. Foleni ilikuwa ndefu. Wakubwa wakipita wanawachungulia dirishani.

Kufuatilia ufundishaji wa walimu wengine nilianzia kwangu. Maandalio ya somo nimesaini mengi maishani, mengine ni ya mwaka jana, kipya ni tarehe. Hayakuambii mtoto ameelewa nini. Ila mkuu akiketi nyuma ya darasa na daftari, mwalimu anajua anatafutiwa sababu. Basi nikawakaribisha kwanza kwenye kipindi changu, nikawapa kazi moja tu: kila mmoja aandike majina ya watoto nitakaowauliza maswali. Baadaye tukayasoma kwa pamoja tuone nani niliwaruka, mabishano na utani mwingi. Baada ya hapo haikuwa vigumu mimi kuingia kwao. Siandiki alama. Naangalia madaftari ya watoto wa nyuma, tunakaa na mwalimu dakika chache, basi. (Chuo cha uongozi wa elimu, ADEM, kiko hapahapa mjini kwetu. Watu wanafunga safari kutoka mikoa ya mbali kuja kujifunza mambo haya, sisi tunapita getini na bodaboda.)

Afisa elimu kata hakufurahi. "Umemtoa mtu wa darasa la saba? Wilayani nitajibu nini?" Kwenye kikao cha wazazi baba mmoja alisimama akasema tunawachezea watoto wake. Mwenyekiti wa kamati ya shule ndiye aliyeniokoa: alimwita mjukuu wake wa darasa la kwanza, akampa gazeti lililofungiwa vitumbua, akamwambia soma. Mtoto akasoma kichwa cha habari, taratibu, kidole kikitembea. Baba yule akaketi.

Ufaulu wa la saba mwaka ule ulishuka kidogo, na nilieleza kwa maandishi sababu zake. Watoto wale sasa wako darasa la tatu. Wasiojua kusoma bado wapo, wengi ni wa utoro, wale ambao baba akienda dago, kambi ya uvuvi ya mbali, anaondoka nao. Hao sijawapatia dawa.

Yule mama anastaafu mwakani. Nilipopanga ratiba nilimuuliza kama anataka kumalizia la saba, akakataa. Kijana wake ameshaanza kufundisha peke yake siku mbili kwa wiki, na wilaya imeshaulizia kama anaweza kuhamishiwa shule nyingine. Nimewajibu kwamba ana darasa.