Matofali kwenye nukta ya penalti: tulivyoirudisha timu yetu

Matofali ya kwanza yalimwagwa Jumatano baada ya sala ya Alasiri, hatua chache tu kutoka nukta ya penalti ya goli la kaskazini. Nilikuwa natoka skuli na madaftari ya kusahihisha kwapani. Watoto waliokuja kufanya mazoezi walisimama pembeni na mpira wao, kimya, wanalitazama lori likirudi kinyumenyume juu ya nyasi. Nikamuuliza dereva nani amemtuma. Akataja jina la mfadhili wetu, akasema kiwanja kinazungushiwa ukuta, na upande wa barabarani zitajengwa fremu za maduka.

"Hukuambiwa, maalim? Timu imeshakuwa yake."

Sikuambiwa. Wala hakuna aliyeambiwa.

Nimeipenda timu hii tangu nilipokuwa naokota mipira nyuma ya goli, na kwa miaka kumi na moja nimekuwa katibu wa mashabiki. Kijiji chetu kiko Pemba, upande wa Wete. Kiwanja kiko bondeni, kimezungukwa na vilima vya mikarafuu. Msimu wa vuno, mchana nusu yake huanikwa karafuu. Jioni majamvi hukunjwa, mpira ukachezwa, na harufu ikabaki kwenye jezi.

Mfadhili hakutuvamia. Tulimkaribisha wenyewe, na lazima niliseme hili kabla ya mengine. Anayefuatilia ligi ya Zanzibar anajua kwamba timu nyingi zenye nguvu ni za vikosi vya serikali: KMKM, JKU, KVZ, Mafunzo, Zimamoto. Timu ya uraiani, tena ya Pemba, huhesabu nauli ya boti ya watu 25 kwenda Unguja kabla haijahesabu pointi. Tulipopanda daraja hatukuwa hata na pesa za waamuzi. Akaja yeye, mtoto wa hapahapa aliyefanikiwa kibiashara Bara, akalipa boti, akanunua jezi, akawatibu wachezaji wawili walioumia magoti. Kwa misimu mitatu hatukuitisha mkutano mkuu hata mmoja, na ada tukaacha kukusanya. Nani apite nyumba kwa nyumba kudai shilingi 1,000 na tajiri yupo?

Usiku ule maskani palijaa. Vijana walitaka matofali yavunjwe usiku huohuo. Wengine walisema twende nyumbani kwake. Mmoja alishakuja na dumu la petroli. Asubuhi, wakasema, tutaandamana mpaka Wete.

Sisi wa Pemba neno maandamano tunalijua uzito wake. Januari 2001 watu walipigwa risasi hapa kisiwani; wako waliokufa, na wako waliokimbilia Shimoni, Kenya, kwa vyombo vya baharini. Ami yangu alikuwa mmoja wa waliokwenda Shimoni. Wengi wa vijana wale walikuwa hawajazaliwa. Sikutaka kuwatisha, nilitaka wasimpe mtu sababu. Niliwaomba siku tatu tu. Dumu la petroli nililibeba mwenyewe, likalala uani kwangu.

Siku ya pili nikampigia simu mtoto wa shangazi yangu anayeishi Coventry, Uingereza. Nilimpigia kumlalamikia tu, lakini alinipa kitu. Akaniambia mwaka 2013 timu ya Coventry City iligombana na wenye uwanja juu ya kodi, wamiliki wakaihamishia Northampton, karibu kilomita 55. Mashabiki wengi waligoma kwenda. Baadhi walikwenda lakini hawakununua tiketi. Nje ya uwanja wa Sixfields kuna kilima. Walisimama juu yake wakaishangilia timu yao bila ya kuwapa wamiliki hata senti. Timu ilirudi Coventry Septemba 2014. Baadaye ikahamishwa tena, ikachezea Birmingham misimu miwili mpaka 2021, kwa hiyo kilima hakikumaliza kila kitu.

"Kilima?" nikamuuliza.

"Kilima, kaka. Nyinyi mnavyo vingi kuliko wao."

Mfadhili alikuwa ameshazungusha mabati pande tatu, na mlangoni kiingilio kilikuwa shilingi 1,000. Upande wa nne ni mteremko wa shamba la mzee mmoja. Nilimwendea baada ya Isha. Alitukubalia kwa sharti moja, asionekane mtu akiegemea mikarafuu yake, maana ilikuwa imebeba. Kisha nikaandika barua ya ukurasa mmoja kwa sheha, kiongozi wa serikali hapa kijijini, na nakala kituo cha polisi: tutakaa kilimani, hatutatembea barabarani, hatutakuwa na mawe wala fimbo, na tutaondoka kabla ya Magharibi. Nilingoja sheha aigonge mhuri. Nakala yenye mhuri niliiweka kwenye mfuko wa kanzu, na siku ya mechi askari walipokuja kuuliza, niliwatolea. Wakaisoma, wakakaa nasi kivulini.

Jumamosi ile walipanda watu zaidi ya 300. Wanawake walikuja na mapakacha yao, wakatandika majamvi, wakaendelea kuchambua karafuu: kishada kinakamatwa kwenye makonyo, kinasokotwa kiganjani, karafuu zinaanguka jamvini na makonyo yanabaki mkononi. Tulikubaliana tusipige ngoma wala kushangilia mpaka dakika ya mwisho. Ndani ya mabati sikuhesabu watu zaidi ya ishirini. Kutoka bondeni zilisikika firimbi ya refa na sauti ya kocha, basi. Tulipofunga goli, mshambuliaji wetu alikimbilia kwenye kibendera cha kona kama kawaida yake, akanyanyua mikono, kisha akaishusha pole pole. Wallahi nilitamani kupiga ukelele. Bibi mmoja aliyekaa karibu yangu alijiziba mdomo kwa ukaya wake.

Baada ya mechi golikipa, kijana wa miaka 19 niliyemsomesha mwenyewe, alinifuata nyumbani. "Maalim, mumetukasirikia sisi?"

Swali lile lilinikosesha usingizi. Tulikuwa tunamwadhibu mfadhili kwa kuwanyima vijana wetu sauti zetu. Kwa hiyo tukabadilisha. Kuanzia mechi ya pili tulishangilia kwa nguvu zote kutoka kilimani, na baada ya mechi wachezaji walialikwa wali kwenye nyumba tofauti, watatu huku, wanne kule. Sijui kama walio Coventry walifanya hivyo, lakini kwetu ndicho kilichoshikilia umoja. Mfadhili alipowaambia wachezaji kwamba mashabiki wamewatupa, walikuwa wameshakula kwetu jana yake.

Ukuta nao haukusimamishwa na sisi. Ulisimamishwa na mikarafuu mitatu. Nyuma ya goli la kaskazini, palepale msingi ulipochorwa kwa chokaa, kuna miti mitatu ya bibi mmoja aliyeirithi kwa babake. Asiyekuwa wa huku huenda akashangaa, lakini Zanzibar mti unaweza kuwa wa mtu na ardhi ikawa si yake. Na mkarafuu haukatwi ovyo, kuukata bila ya kibali ni kosa kisheria. Yule bibi alikwenda kwa sheha akasema hauzi, hakati, na wala hajaombwa. Mafundi wakafunga vifaa vyao. Tulipata wiki kadhaa za kutafuta karatasi.

Hapa nilipoteza muda mwingi zaidi, na ndipo palipokuwa na faida. Wengi wetu tulikuwa tunapiga kelele kuwa timu ni ya wananchi. Ya wananchi kwa hati gani? Nilipokwenda kwa mrajis, yaani msajili, wa vyama vya michezo kuangalia faili letu, nilionyeshwa muhtasari wa mkutano mkuu uliobadilisha katiba na kumpa mfadhili klabu, jina na "haki zote za kiwanja". Ulikuwa na saini na tarehe. Niliiangalia tarehe ile mara mbili. Siku hiyo kamati nzima na wachezaji tulikuwa Unguja, tumekwenda kucheza. Nilirudi nyumbani nikapekua mpaka nikaipata bahasha ya tiketi za boti, 25, nilizozihifadhi kwa ajili ya hesabu ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza.

Daftari la wanachama lilikuwa kwa mjane wa katibu wa zamani, ndani ya kasha, chini ya nguo, pamoja na nafthalini. Ni daftari kubwa la jalada gumu, mistari imechorwa kwa rula, wino wa buluu umegeuka zambarau. Majina 214. Kwenye safu ya malipo, mwaka mmoja ambao pesa zilikuwa adimu, imeandikwa mbele ya majina kadhaa: "amelipa pishi ya karafuu". Katikati ya kurasa ilikunjwa katiba ya asili, kurasa sita zilizopigwa taipu. Kifungu cha kubadilisha katiba kilidai theluthi mbili ya wanachama waliohudhuria mkutano mkuu, na tangazo la siku 21.

Kulikuwa na kifungu kingine kilichotuumiza. Mwanachama asiyelipa ada kwa miezi 12 hana kura mpaka alipe. Upande wa mfadhili ulikiona pia. Wakasema: hamna mwanachama hata mmoja hai, kwa hiyo klabu haina mwenyewe isipokuwa anayeilipia. Nasikitika kukiri kuwa kwa maandishi walikuwa sahihi.

Tukaanza kupita nyumba kwa nyumba. Deni la miaka mitatu ni shilingi 36,000, na si kila mkulima anazo. Mungu alisaidia, vuno lilikuwa zuri. Watu walikuwa wakitoka kituo cha ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, kuuza karafuu zao, wanapita kwangu moja kwa moja na pesa mkononi. Wako waliolipiana, wako waliolipia wazazi wao wazee. Nilimwandikia kila mmoja risiti kwa kalamu, hata mke wangu. Walilipa 97.

Watu wa maskani walikuwa wananiuliza, mbona Simba na Yanga wanaingia kwenye uwekezaji na sisi tunakataa? Niliwajibu kwamba sisi hatukatai mwekezaji. Kwa utaratibu wa Tanzania hata huko Simba, wanachama hubaki na asilimia 51 na mwekezaji hazidi 49. Yetu ilikuwa imechukuliwa 100 bila ya mtu kuulizwa.

Mkutano mkuu ulifanyika kwenye darasa la skuli, baada ya tangazo la siku 21 lililobandikwa msikitini, dukani na kwa sheha, na mjumbe wa mrajis akiwepo. Mfadhili alikuja. Nilimwomba mwenyekiti wa muda ampe nafasi ya kusema kwanza, na baadhi ya vijana walinuna. Alisema ametumia pesa nyingi na hakuna aliyemshukuru. Hilo lilikuwa kweli, nikasimama nikamshukuru mbele ya watu. Kisha nikaweka mezani tiketi 25 za boti, nikasoma tarehe. Darasa zima lilinyamaza. Hakujibu.

Kura 88 zilirejesha katiba ya asili, 5 zilipinga, na 4 hawakupiga. Kwa pesa alizokuwa na risiti zake za nauli na matibabu, tulikubaliana kumrudishia kidogo kidogo. Wako walioniona mjinga kwa hilo. Mimi naona tusingelala na deni la mtu aliyewatibu watoto wetu, hata kama alitukosea.

Msimu uliofuata tulishuka daraja. Mechi mbili za Unguja hatukwenda, hatukuwa na nauli. Kiwanja tumekiombea hati ya matumizi kwa jina la klabu, kwa kuwa tangu Mapinduzi ya 1964 ardhi ni ya serikali na anayekitaka kiwanja lazima awe na karatasi ya haki ya kukitumia. Vipimo vimeshachukuliwa, hati bado haijatoka. Ramani ya mpimaji inaonyesha mikarafuu mitatu kwa vidoti vitatu.

Matofali yalikaa pale miezi miwili. Lori lilipokuja kuyachukua, vijana walewale wa petroli ndio walioyapakia, na mimi niliyahesabu yakipanda: 640. Niliandika kwenye daftari, dereva akatia saini.

Ada naikusanya Ijumaa ya kwanza ya kila mwezi, mlangoni mwa skuli. Mwezi huu bado watu 14 hawajalipa, na kesho nitaanza kuwapitia.