Huyu Binti ni wa Nani?

Neno la juma: 2 Samweli 11:1–5

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Mwezi uliopita nilimfuata mama mkwe Korogwe, nimlete Dar es Salaam kwa ajili ya kliniki ya macho. Tulipanda basi la asubuhi, yeye akakaa dirishani, mimi pembeni yake. Wanaojua adabu za ukwe hawahitaji kuelezwa: kusafiri bega kwa bega na mama mkwe ni mtihani hata pasipo televisheni, na basi letu lilikuwa nayo. Hatujafika Segera, kondakta akaiwasha, zikaanza video za Bongo Fleva, sauti juu.

Mnazijua. Jumba la kifahari, bwawa la kuogelea, gari lisilo na paa, msanii katikati, na mabinti sita au saba wamemzunguka wanakata viuno, kamera inawapanda na kuwashuka kuanzia mapajani. Mimi nikainamia simu. Niliisoma kwa bidii kubwa, na mtandao wenyewe haukuwepo. Mama alikuwa anatazama. Ana mtoto wa jicho, lakini alikuwa anatazama. Baada ya muda akasema, kwa sauti ileile ambayo angeulizia bei ya sukari: "Baba Neema, mbona huyu mwanamume amevaa koti?"

Nikainua macho. Kweli. Msanii alivaa koti la manyoya, miwani ya jua, mikufu, na viatu vya kufunika mpaka vifundo. Mabinti walikuwa na vipande viwili vya nguo. Mahali pamoja, jua lilelile. Mama akanyoosha kidole kwa binti wa mbele. "Na huyu binti ni wa nani?"

Nikamwambia, sijui, mama.

Akanyamaza kidogo. "Kwao wapo, lakini." Tulipofika Mkata akanunua machungwa, na hatukulizungumza tena.

Swali lake limenirudisha kwenye habari ya Daudi na Bath-sheba, habari tunayoijua kiasi kwamba tunaisoma kwa kuruka. Ni majira ya wafalme kwenda vitani, na mfalme amebaki nyumbani. Jioni anaondoka kitandani, anatembea juu ya dari, yaani paa la jumba lake, anamwona mwanamke anaoga. Mwandishi anasema alikuwa mzuri sana, basi. Jina hakuna. Kwa aliyeko juu ya dari, aliyeko chini ni umbo tu. Daudi anatuma kuuliza, na mtu mmoja, ambaye sisi hatujui hata anaitwaje, anamjibu mfalme kwa swali: "Je! Huyu siye Bath-sheba, binti Eliamu, mkewe Uria, Mhiti?"

Naomba tukae hapo. Huyu mtu angeweza kujibu kama wanavyojibu wengi waliozunguka wakubwa: nyumba yake ni ile pale, mtukufu, nimlete? Badala yake anamrudishia mwanamke kila kitu ambacho macho ya mfalme yalikuwa yamemvua, na sisemi nguo. Anamrudishia jina, anamrudishia baba, anamrudishia mume. Ukifika sura ya 23, kwenye orodha ya mashujaa wa Daudi, utamkuta Uria Mhiti, na utamkuta Eliamu mwana wa Ahithofeli. Ikiwa ni Eliamu yuleyule, basi mfalme aliambiwa waziwazi: huyo unayemtazama ni mtoto wa mwenzako na mke wa mwenzako.

(Kuna wahubiri wanaopenda kuuliza Bath-sheba alikuwa anaoga mahali pa wazi kwa nini. Mstari wa 4 unasema alikuwa anajitakasa, jambo la torati. Na sura inapofungwa, lililomchukiza Mungu ni lile alilolifanya Daudi. Nabii Nathani alipotumwa kukemea, alibisha mlango mmoja tu, wa Daudi.)

Sasa nirudi kwenye basi. Video nyingi za siku hizi hutupandisha sisi sote juu ya dari. Ikianza, unaoneshwa jina la msanii, jina la wimbo, mara nyingi na la dairekta. Binti aliyebeba video nzima hana jina popote. Kamera imefundishwa kuanza na paja na kumalizia na uso, na mara nyingine uso hauufikii. Si video peke yake. Kwenye duka la matairi ninakonunua kuna kalenda ukutani yenye msichana aliyelala juu ya boneti, na miezi yote 12 imepangwa chini ya miguu yake. Sijawahi kuona uhusiano wa msichana yule na tairi.

Serikali zimejaribu marufuku. Mwaka 2018 Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, lilitoa orodha ya nyimbo zaidi ya 10, na mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ikaagiza zisipigwe redioni wala kwenye televisheni. Mwishoni mwa mwaka uleule wasanii wawili wakubwa wakafungiwa kufanya maonyesho, baada ya kuimba jukwaani wimbo uliokwisha kupigwa marufuku. Kenya nako, mwaka 2019, mkuu wa bodi ya filamu alisema nyimbo fulani zilizokuwa zinatamba ziachiwe kumbi za starehe na baa. Siwabezi. Baraza lililowekwa kulinda maadili likikaa kimya tutalilaumu. Lakini niseme kweli: baadhi ya nyimbo zile sikuwa nimezisikia kabisa, nilizijua kwa kusoma orodha ya zilizofungiwa. Marufuku inashughulika na maneno ya wimbo na urefu wa sketi. Swali la mama mkwe hailiulizi, na sidhani kama ni kazi yake kuliuliza.

Wala tusidhani kwamba wazee wetu wa pwani walikuwa watu wa kufumba macho. Mapenzi waliyaimba, tena sana, kwa mafumbo ya taarabu ambayo mtoto akiyasikia anasikia habari za embe na chungwa. Mwali alikuwa na somo wake, mwanamke wa kumfunda, alifundwa ndani, mlango umefungwa, na alifundwa mambo ambayo video hizi hazijafika hata nusu yake. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu ambaye sauti yake iliingia kwenye santuri kule Bombay mwaka 1928, aliimba pia kisa cha mwanamke aliyetoka Dar es Salaam akauawa Unguja. Katika wimbo ule mwanamke anaitwa mgeni. Neno moja, na msikilizaji Mswahili anajua palepale kwamba ni mtu wa watu, mwenye pa kurudi, na kwamba aliyemdhuru ameivunja haki ya mgeni.

Biblia nayo haina aibu ya mwili. Wimbo Ulio Bora unataja shingo, nywele, matiti, kitovu, na hakuna mzee wa kanisa aliyethubutu kuukata. Lakini sikilizeni unavyoita: "Bustani iliyofungwa ni umbu langu, bibi arusi." Umbu, kwa wale waliozaliwa juzi, ni ndugu wa kike kwa mwanamume, au wa kiume kwa mwanamke. Mpenzi anamtamani bibi arusi wake, na pumzi ileile anamwita ndugu. Mtu wa namna hiyo hawezi kusahau kwamba mwanamke huyu ana kwao. Halafu wimbo wote ni fumbo, na fumbo ni nguo.

Hapa ningependa kuishia, kwa sababu mpaka hapa wenye makosa ni wasanii. Lakini mjumbe alipomaliza kusema, mstari unaofuata unaanza: Daudi akapeleka wajumbe, akamtwaa. Alijua jina, akatuma. Alimjua baba yake, akatuma.

Ninyi mnajua "koneksheni" ni nini. Wasiojua wasiulize kwenye kundi hili, waulize vijana wao. Video ya faragha ya mtu inavuja, na kufikia jioni imezunguka nchi nzima. Na hiyo haizunguki bila jina. Inazunguka na jina, na chuo, na picha ya Instagram, na "ni mtoto wa fulani yule wa kanisa fulani." Ukoo wote umetajwa, na ndiyo maana watu wanaifuata. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kusambaza picha za ngono, lakini sikuja kuwatisha na polisi. Nimeona katika kundi la watu wa Mungu, si hili, mtu akiandika "Nimesikia kuna kitu, nirushieni nijue cha kuombea." Yule mtu anaomba vizuri sana Jumatano.

Kwa hiyo swali la "ni wa nani" linaweza kuulizwa kwa midomo miwili. Mama mkwe aliuliza kama mzazi anavyouliza akimkuta mtoto wa watu barabarani usiku: kwenu wapi, wanajua uko huku? Sisi tunaweza kuuliza maneno hayohayo ili aibu ipate mahali pa kupelekwa. Ayubu anasema, "Nilifanya agano na macho yangu." Nadhani kwa zama zetu lingehitajika agano na kidole gumba pia.

Nikiwa peke yangu na simu, usiku, hakuna mkwe pembeni. Najikuta mara nyingine nimesimama juu ya dari muda mrefu kuliko ninavyopenda kuwaambia. Ninachojaribu siku hizi ni kidogo: nauliza swali lile kwa sauti, kwa lafudhi yake ya Kisambaa. Huyu binti ni wa nani? Mara nyingi vidole vinalegea. Si kila mara.

Baada ya kliniki, mama alikaa kwetu juma zima akisubiri kufunguliwa bandeji, na jioni nilikuwa namsomea Injili ya Mathayo. Sura ya kwanza inaanza na majina matupu, nilitaka kuyaruka, akakataa. Tukafika mstari wa 6, ambapo Daudi anamzaa Sulemani "kwa yule mke wa Uria." Vizazi vimepita, mtoto amekuwa mfalme, na Mathayo bado anaandika mke wa Uria. Nikamweleza mama kwamba ni yule Bath-sheba, na kwamba Mungu hakuruhusu jina la mume wake lipotee.

Akawaza kidogo, macho yamefungwa na bandeji. "Na baba yake," akasema, "mbona hawakumtaja?"