Maswali ya Musa

Tafakari ya wiki. Somo: Hesabu 13:17–33 na 14:1–10

Bwana asifiwe, wapendwa.

Wiki hii naomba tukisome polepole kisa cha wapelelezi kumi na wawili ambao Musa aliwatuma kuipeleleza nchi ya Kanaani, tena tuanzie pale ambapo wengi wetu huruka. Tukifungua Hesabu 13 huwa tunakimbilia majitu na mapanzi. Lakini kabla hata mmoja wa wale kumi na wawili hajafunga viatu, Musa aliwapa maswali. Watu wa nchi ile ni hodari au dhaifu? Ni wachache au ni wengi? Nchi yenyewe ni njema au mbaya? Wanakaa kwenye kambi au kwenye miji yenye ngome? Udongo wake una unono au ni wa njaa? Ina miti? Kisha akawaambia wajipe moyo, wakalete matunda, kwa kuwa ulikuwa msimu wa zabibu za kwanza.

Yatazameni vizuri maswali hayo. Yapo ya askari, lakini yapo pia ya mkulima, ya mtu anayejua kwamba kesho watoto wake watakula kutoka katika udongo ule. Musa hakuwaambia tu, "Nendeni mkatuletee habari." Alijua anachotaka kujua, na alikijua kabla habari haijafika.

Mimi sikuwa na swali hata moja mwezi wa Agosti 2022.

Hapa Kenya tulipiga kura Jumanne tarehe 9, na matokeo ya urais yakatangazwa Jumatatu tarehe 15. Siku zile za katikati mnazikumbuka. Tume ya uchaguzi ilikuwa imeweka mtandaoni picha za Fomu 34A, zile za matokeo ya urais ya kila kituo, kutoka vituo zaidi ya 46,000, mtu yeyote azione. Kila stesheni ya televisheni ikaketi kujumlisha kivyake, hii ikianza na fomu hizi na ile na zile, na kwa hiyo saa ile ile, katika nyumba zinazotazamana, jirani mmoja alimwona mgombea wake yuko mbele na jirani mwingine akamwona wa kwake yuko mbele. Fomu zilikuwa ni zile zile. Hapa Voi niliona watu wakihama kutoka hoteli moja hadi nyingine wakitafuta televisheni iliyokuwa ikisema wanachotaka kusikia. Nami nilifanya hivyo nyumbani kwangu, kwa rimoti.

Ijumaa usiku nikatuma video katika kundi letu la ushirika. Ilionyesha masanduku ya kura yakibebwa gizani na watu waliovaa sare. Sikuuliza imetoka wapi. Nilichoandika chini yake sitakirudia hapa, ila wale mliokuwa kwenye kundi mnakijua. Kabla ya saa tano tulikuwa tumeshafikisha jumbe zaidi ya mia moja, ndugu akimjibu ndugu kwa maneno ambayo hatungethubutu kuyasema tukiwa tumeketi benchi moja kanisani. Kesho yake kijana mmoja wa kwaya alinionyesha taratibu, bila kunivunjia heshima, kwamba sare zile si za askari wa Kenya hata kidogo.

Mpaka hapo pengine kisa changu kinafanana na cha wengi wenu. Kilichoniumiza nilikiona Jumatano iliyofuata, siku mbili baada ya matokeo, nilipokuwa nikipandisha jumbe zile ili nifute ile video. Katikati ya ugomvi wetu, saa nne kasoro usiku, dada yetu mmoja alikuwa ameandika: "Naombeni maombi, mtoto kifua kimembana, zahanati hakuna dawa." Chini yake palikuwa na ujumbe wangu kuhusu masanduku. Hakuna aliyemjibu. Hakuna aliyeandika hata "Amina."

Nilikwenda kwake jioni hiyo. Mtoto alikuwa amepona, Mungu ni mwema. Mama yake alikuwa amempakata kwenye bodaboda usiku ule mpaka hospitali, kwa pesa za kukopa. Nikamwomba msamaha. Akaniambia, "Mwalimu, mimi nilidhani bando imeisha, ujumbe haukutoka."

Nimeishi na sentensi hiyo tangu siku ile, nayo ndiyo iliyonirudisha kwenye Hesabu 13.

Huwa tunawahesabu wale wapelelezi kumi, wote isipokuwa Yoshua na Kalebu, kuwa waongo. Someni tena mstari wa 27 na wa 28. Walisema nchi ina wingi wa maziwa na asali, wakaonyesha na matunda, kile kichala kilichobebwa na watu wawili kwa mti. Walisema miji ina ngome na wenyeji ni hodari. Yote hayo yalikuwa kweli, na yote Musa alikuwa ameyauliza. Kosa lilianza katika neno "lakini". Baada ya neno hilo zabibu hazikuonekana tena. Watu walikuwa wamesimama mbele ya kichala cha zabibu wakilia kwa sababu ya kuta ambazo hawajawahi kuziona.

Halafu tazameni kilichotokea Kalebu alipojaribu kuwatuliza. Mara ya kwanza walisema wenyeji ni hodari. Walipopingwa, ikawa nchi inawala watu wake. Ikawa *kila* mtu waliyemwona ni mrefu mno. Ikawa Wanefili, yale majitu. Ikawa sisi ni mapanzi. Hakuna aliyekuwa amerudi kule kuangalia mara ya pili. Habari ilikua palepale kwa sababu mtu alibishiwa mbele za watu na hakutaka kushindwa. Ndugu zangu, nani kati yetu hajauona ubishi wa namna hiyo kwenye simu yake? Tunaanza na jambo la kweli, mwenzetu anatupinga, na ifikapo jibu la tatu tumeshasema jambo ambalo asubuhi tusingekubali kuapa kwamba ni kweli. Mungu naye alishasema katika Kutoka 23:1, "Usivumishe habari za uongo." Zamani nilidhani hapo anaambiwa mtungaji wa uongo. Siku hizi naona anaambiwa pia msambazaji. Kidole kinachobonyeza kutuma kinatoa ushahidi.

Naomba mniwie radhi nikiligusa donda la zamani. Machafuko ya baada ya uchaguzi wa 2007 yaliua watu zaidi ya 1,100. Siku ya kwanza ya Januari 2008, kule Kiambaa karibu na Eldoret, kanisa lilichomwa moto watu wakiwa wamekimbilia ndani yake. Wakati ule simu nyingi zilikuwa za vibonyezo, hazikuwa na video, lakini jumbe fupi za chuki zilizunguka nchi nzima. Waliozipitisha walikuwa watu wenye majina, wengine wana Biblia na viti vyao kanisani. Ninapofikiria ile video yangu ya masanduku, nafikiria pia kwamba mwaka 2022 nchi ilivuka salama, ubishi wa matokeo ukafika Mahakama ya Juu na kupata uamuzi tarehe 5 Septemba, na hilo halikutokana na uangalifu wangu.

Sasa turudi kwa dada yetu na zahanati isiyo na dawa.

Siku ile ya kura tulipewa karatasi sita: rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake na mwakilishi wadi. Kwa miezi mingi nilikuwa nimesikiliza na kubishana juu ya ile moja. Hizo nyingine, nasema kweli mbele za Mungu, ya mwakilishi wadi niliitia alama kwa kutambua sura kwenye bango. Kumbe Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeiweka zahanati mikononi mwa kaunti. Imeweka huko pia chekechea, barabara za kaunti, huduma za maji na za kilimo. Bajeti ya dawa zile inapita katika bunge la kaunti, anakoketi yule niliyemchagua kwa sura. Nilikuwa nikigombana na ndugu zangu usiku kucha juu ya ofisi iliyo Nairobi, na kifua cha mtoto kikingoja ofisi iliyo hapa hapa.

Sisemi urais ni kitu kidogo. Polisi, mahakama, deni la taifa, kodi ya mkate, yote hayo yako juu na yanatufikia. Wala sisemi watu wa kaunti yetu ya Taita Taveta hawafikirii. Mwaka ule ule walimchagua gavana aliyesimama kama mgombea huru, bila chama, na hilo si jambo la kawaida katika nchi hii. Nasema juu ya macho yangu, yalikuwa yanatazama wapi.

Tena sitaki kuwatupia waandishi wa habari mzigo wote. Mwandishi wa mashinani mara nyingi hulipwa kwa habari iliyotumika, si kwa aliyoiandika. Akipiga picha ya akina mama wanaosubiri maji tangu alfajiri na akapiga pia ya mwanasiasa anayemtukana mwenzake matangani, anajua ni ipi itakayopita kwenye taarifa ya saa moja jioni. Na inapita kwa sababu sisi tunaitazama, kisha tunaituma. Maji ya chemchemi za Mzima yanatoka katika kaunti yetu na kwenda Mombasa kwa bomba, tangu enzi za ukoloni, na kuna vijiji vinavyopitiwa na bomba hilo ambavyo bado vinabeba mitungi. Ndovu wanatoka mbuga ya Tsavo wakimaliza mahindi ya mjane kwa usiku mmoja, kisha anafuatilia fidia mpaka anachoka. Ni mara ngapi nimesambaza habari kama hizo? Nilizisoma, nikasikitika, nikaendelea kushusha.

Jambo moja lilinipa tumaini, nalo lilitoka kwa vijana. Juni 2024 walipouchukua Mswada wa Fedha wakaanza kuusoma kifungu kwa kifungu, wakiufafanua kwa Kiswahili na kwa lugha za nyumbani, mama muuza mandazi akaelewa maana ya kodi ya asilimia 16 iliyokuwa imependekezwa kwa mkate. Kwa siku kadhaa ubishi wa mtandaoni uliacha kuwa wa huyu ni wa kabila gani, ukawa wa kifungu kinasema nini. Yalikuwa maswali ya Musa yale. Serikali iliiondoa kodi ya mkate, na baadaye rais akakataa kuutia sahihi mswada wote. Lakini kabla ya hapo, tarehe 25, damu ilimwagika karibu na Bunge, na kuna wazazi ambao hadi leo chumba kimoja nyumbani mwao kimefungwa. Tuwaombee wiki hii. Tusiwaombee kwa haraka.

Katika sura ya 14 kuna mstari ambao nilikuwa sijauona kamwe, na nimesoma Hesabu mara nyingi. Baada ya kulia usiku kucha, watu waliambiana, "Na tumweke mtu mmoja awe akida, tukarudi Misri." Walitaka kuchagua kiongozi! Na sifa waliyoitaka kwake ilikuwa moja tu, awaondoe kwenye hofu waliyokuwa wamelishwa jana yake. Hawakuuliza kama anajua njia, kama ni mwaminifu, watoto watakula nini jangwani. Na Yoshua na Kalebu waliporudisha neno kwenye nchi yenyewe, kwenye wema wake, mkutano wote ukasema wapigwe kwa mawe. Tumewahi kumtoa ndugu kwenye kundi kwa sababu aliuliza tu, "Hii imethibitishwa?" Tumewahi. Alirudi baada ya miezi miwili, na hakuuliza tena kitu.

Uchaguzi unaokuja ni Agosti 10, 2027. Naomba tusingoje habari zianze kutumiminikia ndipo tutafute msimamo. Kila nyumba ikae, baba, mama na vijana waliojiandikisha, waandike maswali yao kabla hawajasikia jina la mgombea yeyote. Yawe ya udongo wetu. Kisha mtu akija na sera, au habari ikija na kelele, tuiweke kando ya karatasi ile tuone inajibu nini.

Jumapili iliyopita baada ya ibada tulijaribu na watu tisa, chini ya mwembe. Mzee mmoja aliuliza habari za hatimiliki ya shamba alilozaliwa. Kijana wa kwaya, yule yule, aliuliza kwa nini notisi za vikao vya bajeti ya kaunti humfikia zikiwa zimepitwa na siku. Dada yetu alikuwa amembeba mtoto mgongoni, sasa ni mkubwa, miguu inaning'inia. Hakutaka kusema mbele za watu. Aliniomba kalamu, akaandika mwenyewe, akaikunja karatasi, akanipa.

"Dawa ya kifua ya watoto huletwa zahanati mara ngapi kwa mwaka, na ikiisha nani anapigiwa simu?"

Tumeamua swali hilo liwe la kwanza. Jumapili ijayo tunakutana tena pale pale, saa saba. Njooni na ya kwenu.