Mtoto wa Filamu ya Jagten Hakustahili Kuitwa Mwongo

Filamu ya Denmark iitwayo Jagten, iliyoongozwa na Thomas Vinterberg na kutolewa mwaka wa 2012, husimuliwa mara nyingi kama hadithi ya mwalimu mpole ambaye maisha yake yaliharibiwa na uongo wa mtoto kwamba alimdhulumu kingono. Nimeisikia ikisimuliwa hivyo na walimu wenzangu hapa Kisumu, tena kwa uchungu, maana kila mwalimu wa kiume anayefundisha watoto wadogo anaijua hofu hiyo. Mimi naona kwamba masimulizi hayo yanamwonea mtoto, na yakizoeleka yatawafunga mdomo watoto wa shule zetu walio na jambo la kweli la kusema.

Mwalimu mwenyewe anaitwa Lucas, na aliyemwigiza ni Mads Mikkelsen, ambaye kwa kazi hiyo alituzwa kama mwigizaji bora wa kiume katika tamasha la Cannes mwaka huohuo. Shule ya sekondari aliyofundisha imefungwa, ndoa yake imevunjika, naye sasa amepata kazi katika shule ya chekechea ya kijiji chake. Klara, binti wa rafiki yake wa chanda na pete, anampenda kwa namna ambayo watoto humpenda mtu mzima anayewasikiliza: Lucas humshika mkono na kumsindikiza shuleni huku Klara akikwepa kukanyaga mistari ya njiani. Siku moja mtoto anamtengenezea zawadi ya moyo na kumbusu mdomoni. Lucas anamkanya kwa upole, na Klara, akiwa ameumia moyoni, anamwambia mkuu wa chekechea maneno aliyoyaokota kutokana na picha chafu ambayo kaka yake na rafiki wa kaka yake walimwonyesha.

Kwamba alilosema halikuwa kweli, hilo silikani. Lakini lilikuwa neno la dakika moja, na kama lingepata mtu mzima mwenye utulivu, huenda lingefafanuka siku hiyohiyo. Tazameni kinachofuata. Mkuu wa chekechea anamwita mwanamume mmoja anayemjua, na huyo anaanza kumhoji Klara kwa maswali ambayo tayari yamebeba majibu yake. Mtoto anasita na kunyamaza, anataka kutoka nje akacheze, naye mwulizaji anarudi palepale na kumsogeza mbele kidogo kidogo, hadi mtoto anatikisa kichwa kukubali. Kuanzia hapo maelezo yanayoenea kijijini ni ya watu wazima, ingawa yanapewa jina la mtoto. Na Klara mwenyewe, baadaye, anamwambia mama yake waziwazi kwamba Lucas hakufanya lolote na kwamba yeye alisema upuuzi tu. Mama anamjibu kwamba akili yake inajaribu kusahau jambo baya. Hapo ndipo nilipotambua ubaya wa kauli ya mkuu yule kwamba watoto hawasemi uongo: walimwamini mtoto aliposema walichokuwa wakikihofia, wakakataa kumwamini alipotaka kusema kweli.

Vinterberg hakuyabuni haya kutoka hewani. Amewahi kueleza kwamba baada ya filamu yake ya Festen ya mwaka wa 1998, mwanasaikolojia aliyekuwa jirani yake alimletea mafaili ya kesi za namna hii, akayasoma miaka mingi baadaye. Na nchini Marekani, katika jimbo la California, kesi ya chekechea ya McMartin ilianza kwa tuhuma za mwaka wa 1983 na kumalizika mwaka wa 1990 bila mtu yeyote kutiwa hatiani. Watoto wa huko walihojiwa kwa maswali ya kuwaelekeza hadi wakasimulia mahandaki chini ya shule. Katika Jagten nako watoto wengine wa chekechea wanaanza kumtuhumu Lucas, wakisimulia chumba kilicho chini ya nyumba yake, na nyumba hiyo haina chumba kama hicho. Lucas, aliyekuwa amekamatwa, anaachiliwa.

Kuachiliwa, hata hivyo, hakumsaidii kijijini. Sisi tuna msemo kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja, nami nimeusikia ukitumiwa katika mabaraza kana kwamba ni ushahidi. Watu wa kijiji kile wanaishi kwa msemo huohuo bila kuujua. Mbwa wa Lucas anauawa, katika supamaketi yeye mwenyewe anapigwa na kunyimwa chakula, na usiku wa kuamkia Krismasi anaingia kanisani akiwa na majeraha usoni, anaketi, na watoto wa chekechea wanapoanza kuimba anageuka na kumkazia macho baba yake Klara. Kisha anainuka, anamwendea, anampiga, anamtaka amtazame machoni. Mikkelsen haigizi hasira tupu hapo. Anaigiza mtu aliyesubiri kwa adabu kuulizwa swali moja tu na rafiki yake, na hakuulizwa. Sijaona hata mara moja tukio hilo bila kusimamisha filamu kwa muda.

Sasa nirudi kwetu Kenya. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka wa 2006 ilikuwa na kifungu cha 38, ambacho kilisema kwamba anayetoa tuhuma za uongo angepata adhabu sawa na ya kosa alilolitaja. Kifungu hicho kilifutwa mwaka wa 2012, na kwa maoni yangu ilistahili, kwa sababu mzazi wa kijijini angewezaje kuthubutu kupeleka malalamiko ya mwanawe akijua kwamba kesi ikikosa ushahidi wa kutosha huenda yeye ndiye atakayefungwa? Nayo Sheria ya Ushahidi, katika kifungu cha 124, inairuhusu mahakama katika makosa haya kutegemea maneno ya mtoto peke yake, mradi hakimu aridhike kwamba anasema kweli na aandike sababu za kuridhika. Ikiwa maneno ya mtoto yana uzito huo, basi anayemsikiliza mara ya kwanza ana wajibu mkubwa wa kutoyachafua.

Mwalimu mmoja mstaafu tuliyeitazama naye filamu hii aliniambia, "Mwalimu, mimi ningeacha kazi tu. Mtoto akishasema, umekwisha." Naiheshimu hofu yake, ila dawa yake si kuwashuku watoto. Waraka wa Tume ya Kuajiri Walimu wa mwaka wa 2010 unamtaka mwalimu mwenye habari za dhuluma kama hii aripoti ndani ya saa 24, na sitaki saa hizo ziongezwe hata kidogo. Ninachotaka ni walimu wakuu na machifu waonyeshwe dakika zile chache za Klara akihojiwa, kisha wafundishwe kumwuliza mtoto swali moja lililo wazi, "Niambie kilichotokea," wanyamaze, wayaandike maneno yake jinsi alivyoyatamka, na wamkabidhi kwa waliosomea kazi hiyo bila kumwongezea neno.