Mlango wa dereva

Mvua ya kwanza imenyesha juzi, ile inayolaza vumbi jekundu kabla ya kuanza kutengeneza matope. Binti yangu alisimama kibarazani akiangalia gari letu na la jirani, akaniuliza: "Mama, mbona kwao maji yanasimama vidonge vidonge, kwetu yanalala?"

Nikamwambia la jirani limepakwa nta. Nta inakataa maji, kwa hiyo tone linajikunja lenyewe badala ya kutandaa. Akaridhika, akaenda zake kucheza. Mimi nikabaki palepale, kwa sababu sijapata kumweleza mtu yeyote habari ya nta bila kuifikiria ile Jumamosi.

Ilikuwa kiangazi cha 1995. Matanga ya baba yalikuwa yamevuliwa, wageni wa Likasi na Kipushi wamerudi kwao. Baba mkubwa alikuwa ametuma neno: Jumapili baada ya misa anakuja kuchukua motokari. Friji na vitanda vilikuwa vimekwisha kuchukuliwa. Niseme tu kwamba sheria ya familia ya nchi yetu, Kongo, siku zile Zaire, ilikuwepo tangu 1987, na inawapa watoto wa marehemu robo tatu ya urithi. Katika lupangu letu, yaani ua wetu, mtaani Katuba, Lubumbashi, siku zile hakuna mtu mzima aliyeitaja. Yaya, ndugu yangu mkubwa, alitaka kuficha funguo. Mama akamwambia aziweke mezani, mahali pa kuonekana.

Jumamosi asubuhi akaniamsha nichote maji.

Julai ya Lubumbashi ina baridi ya kweli. Asubuhi unaiona pumzi yako mwenyewe. Tulilimwagia lile Peugeot 504 ndoo baada ya ndoo kabla ya mkono wowote kuligusa. Baba alikuwa mkali sana juu ya jambo hilo. Vumbi letu lina mchanga ndani yake, na ukilipangusa kavu unaikwaruza rangi kila unapopitisha kitambaa. Ndipo sabuni, ndipo maji tena, ndipo kukausha. Kisha mama akaingiza mkono chini ya kiti cha dereva akatoa bati bapa lililofungwa ndani ya soksi.

Hiyo ni nta ngumu, si ile ya maji inayomiminwa kutoka kwenye chupa. Alipofungua kifuniko kwa mpini wa kijiko, harufu ya tapentaini ilitoka, na yaya akageuza uso. Ilikuwa harufu ya mikono ya baba kila Jumamosi. Baadaye sana nilisoma kwamba nta bora ya namna ile inatengenezwa kwa karnauba, unga unaotolewa kwenye majani ya mti wa jamii ya mitende unaoota kaskazini-mashariki mwa Brazili. Nta ya nyuki inayeyuka kwenye nyuzi 60 na kitu. Karnauba inangoja mpaka zipite 80. Ndiyo sababu inastahimili juu ya boneti lililoachwa juani. Lakini kwenye baridi haichukuliki hata kidogo. Mama alilishika bati lile katikati ya viganja, akalikumbatia tumboni, akangoja.

Hakuwa amewahi kuendesha gari, wala kulipaka nta. Ila mashine yake ya kushona ilikaa dirishani miaka yote, na dirisha lilitazama mwembe, na chini ya mwembe ndipo baba alipofanyia kazi hiyo. Kumbe macho yake yalikuwa yamehifadhi kila kitu. Alianza paani, akiwa amesimama juu ya kreti ya bia, akaja kwenye boneti, kisha buti, kisha ubavu wa abiria. Alifuata mpango wa baba bila kuuliza mtu. Kitambaa kilikuwa fulana ya baba iliyochanwa. Alikigusisha kwenye nta kidogo sana, akaisambaza kwa miduara midogo, kipande cha upana wa sinia kwa wakati mmoja, mpaka usiweze kuona kama kuna kitu.

"Nyembamba," aliniambia. "Ukiijaza haiongezi kitu. Utaisugua tu mpaka kesho."

Kazi yangu ilikuwa kungoja. Nta ikikauka inafanya ukungu mweupe. Unapitisha kidole: kikiacha njia safi inayong'aa, imeiva, kikivuta utelezi, bado. Nilipenda mno kupewa uamuzi huo. Nilisema "imeiva", na mama, ambaye wiki zote zile alikuwa akiamuliwa kila kitu na watu wengine, alitii neno langu na kuanza kufuta kwa kitambaa kingine kikavu, akikigeuza upande kila mara. Chini ya ukungu ikatoka buluu ambayo sikuikumbuka. Rangi za magari yale hazikuwa na tabaka la juu la kung'aa, kwa hiyo buluu nyingine ilibaki kitambaani, na mpaka saa sita vidole vya mama vilikuwa vya buluu mpaka kwenye kucha.

Jua lilitusumbua. Nta ikipigwa na jua kabla hujaifuta inashikamana vibaya. Hakuna aliyejua kuendesha, basi yaya alilisukuma gari hatua chache kila mara kufuata kivuli cha ukuta, mimi nikishika usukani kupitia dirishani. Majirani walituona. Mmoja alisimama kwenye wigo, akatazama muda mrefu, akaenda bila salamu.

Ubavu wa dereva ulibaki mwisho.

Kwenye mlango ule, chini ya kioo, kulikuwa na mahali ambapo baba alikuwa akiweka kiwiko. Kwa miaka yote hiyo kiwiko kilikuwa kimekula buluu yote, ikabaki rangi ya chini, ya kijivu, isiyong'aa, upana wa kiganja. Mama alipafikia pale, akaweka kitambaa begani. Akachukua nta kwa kidole cha shahada. Alipaka pale kwa kidole kitupu, taratibu, akizunguka ukingo wa ule ukijivu bila kuuvuka, kisha akaingia katikati. Hakulia. Nilikuwa namwangalia usoni nikitegemea alie ili na mimi nilie. Alikuwa na uso ule anaokuwa nao akitia uzi kwenye sindano.

Nikangoja, nikapima, nikasema imeiva. Akasema, "Hapo acha."

Tukafuta mlango wote isipokuwa pale. Akasema tumemaliza, tukakusanya ndoo. Nikiwa naanika vitambaa nilimwona amerudi, ameongeza kidole kingine cha nta juu ya ile ya kwanza.

Jumapili ilipita upesi. Baba mkubwa alikuja na shangazi na kijana wa kuendesha. Alilizunguka gari, akasema, "Shemeji, mmelitunza." Alipofika mlango wa dereva aliona lile doa jeupe, akalisugua kwa kidole gumba, kisha kwa leso. Halikutoka. Alimtazama mama. Mama akampa funguo. Basi.

Mwaka uliofuata, natoka soko la Kenya, mtaa wa Lubumbashi, nikaliona limeegeshwa. Lilikuwa limepakwa rangi ya maziwa, lakini bampa iliyopinda nilikuwa naijua. Nikavuka barabara kwenda upande wa dereva. Chini ya kioo rangi mpya ilikuwa imejikunja na kubanduka, upana wa kiganja, na kile kijivu kimetokeza. Kwingine kote ilishika.

Nikamwambia mama. Aliendelea kukanyaga mashine mpaka mwisho wa upindo. Akauliza ni mlango upi. Nikamwambia. Akasema fundi alitakiwa kuitoa nta kwa petroli kwanza, kisha apige msasa, la sivyo rangi haipati pa kushika. Kila fundi anajua. Akaweka kitambaa kingine.

Yaya anashikilia kwamba mama alijua alichokuwa akifanya. Mimi najua pia kwamba nta hujificha kwenye rangi iliyochakaa, inaingia kwenye vitundu vyake na kubaki nyeupe hata ukifuta, bila kutumwa na mtu. Baba mwenyewe huenda alikuwa akipaacha pale kwa sababu hiyo, na mama akafuata alichokiona dirishani. Lakini baba hakuwa akirudi kuongeza.

Kama yaya ana haki, basi mama hakunyamaza ile Jumapili. Kama ni vitundu vya rangi tu, basi tuliwang'arishia gari letu wenyewe, tukawakabidhi. Nataka sana yaya awe na haki. Kuna siku namwamini, na kuna siku nakumbuka sauti ya mama akisema "hapo acha", na ninachosikia ni mtu aliyechoka.